SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU WA FUMBA NA WATU WALIOJAA UCHOCHORONI

Najua wengine mko kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo nataka tuongelee maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyefariki tarehe 8 Julai 1950. Jina lake wengi tunalijua. Tulilisikia shuleni, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, mtihani ukaisha na jina likaisha. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo mpaka siku niliyopata aibu ukumbini.

Ngoja niwape ile aibu kwanza, halafu mtaelewa kwa nini nimemkumbuka huyu bibi.

Nilikwenda Dar kumsalimia mjomba. Jumamosi usiku binamu yangu akanichukua tukaone shoo kwenye ukumbi mmoja wa mjini, jina naliweka kapuni. Kwa mtu aliyetoka Mbekenyera, Ruangwa, hilo si jambo dogo. Kwetu shoo ni ngoma uwanjani baada ya mavuno, au kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na jenereta linalonguruma kwa nje. Pale Dar kulikuwa na jukwaa, taa za rangi, mlinzi anakupapasa mifuko mlangoni. Tukalipa kiingilio, tukabanana kama dagaa.

Kabla ya msanii mkubwa kutoka, walipanda wasanii chipukizi. Akaja dada mmoja, kavaa kawaida tu, hana mbwembwe. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote waliomtangulia. Alipofika nusu ya wimbo, jamaa mmoja nyuma akapiga kelele kuhusu sura yake. Mwingine akadakia kwamba arudi kwao akabangue korosho. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, wadau. Mimi mtoto wa korosho, ambaye ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ya babu, nilicheka mpaka machozi. Yule dada akamaliza wimbo, akashuka, hakurudi tena.

Kwenye basi la kurudi kusini ile kicheko yangu ilinikaa vibaya. Nilipofika nyumbani nikakitafuta kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, nikakisoma taratibu bila haraka ya mtihani. Nikaanza pia kuuliza na kusoma huku na kule. Nilichogundua ni kwamba yule dada wa Dar alikuwa anapita njia ambayo Siti aliipita miaka mia moja kabla yake. Tofauti ni kwamba Siti alipata watazamaji waliomwelewa.

FUMBA, KWENYE UDONGO

Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880. Hakuzaliwa akiitwa Siti. Jina alilopewa ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa, na lilisema wazi hali ya watu wake. Baba yake Saadi alikuwa wa asili ya Unyamwezi, mama yake wa asili ya Uzigua. Kwa mizani ya Unguja ya wakati ule, mtu wa namna hiyo alikuwa chini kabisa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria 1897, lakini sheria ni kitu kimoja na macho ya watu ni kitu kingine. Uliulizwa wewe ni nani, wa nani, umetoka wapi, na jibu lako ndilo lililoamua utakaa wapi na utakula na nani.

Hapa watu wa kusini tusijifanye hadithi hii haituhusu. Karne ya 19 watu wengi waliokamatwa bara ya kusini, Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo, walisukumwa kwa miguu mpaka Kilwa wakavushwa Unguja. Wajukuu zao walikuwa wanaishi kisiwani wakati Mtumwa binti Saadi anakua. Yaani baadhi ya watu waliokuja kumsikiliza baadaye walikuwa damu yetu kabisa.

Fumba ilijulikana kwa ufinyanzi. Mtumwa alijifunza kufinyanga kutoka kwa wazazi wake, na alipokua akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Shule hakupata. Alikuwa na sauti, basi. Alikuwa akipita mitaani akinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu wakawa wanaijua sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Ukifikiri vizuri, hao ndio watazamaji wake wa kwanza: akina mama waliotoka mlangoni kununua chungu, wakabaki wamesimama kidogo kwa sababu ya ile sauti.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, ndoa haikudumu. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Mwaka huohuo Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti cha usultani, na angekikalia mpaka 1960. Mmoja aliingia mjini akaingia jumba la kifalme, mwingine aliingia na vyungu.

MJI MMOJA, PANDE MBILI

Ili umwelewe Siti lazima uijue Zanzibar ya wakati ule. Mji ulikuwa na pande mbili. Upande wa bahari ulikuwa Mji Mkongwe, nyumba za mawe, milango ya kuchonga, Waarabu wenye mashamba ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi, maofisa wa Kiingereza. Katikati palikuwa na mkono wa bahari ulioingia na kutoka na maji. Ukivuka unakuta Ng'ambo, nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na huko ndiko waliishi wachukuzi, mafundi, wapishi, madobi, mama ntilie na wale waliotoka utumwani juzijuzi. Ule mkono wa bahari ulikuja kufukiwa, na barabara iliyopita pale siku hizi inaitwa Benjamin Mkapa, mtoto wa kusini mwenzetu wa kule Masasi.

Muziki nao ulikuwa na pande mbili. Upande wa Ng'ambo kulikuwa na ngoma za kila aina, anayetaka kucheza anacheza. Upande wa mawe kulikuwa na taarab. Taarab ililetwa na Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Alimpeleka Misri kijana mmoja aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga ganuni, na akarudi kuunda bendi ya jumba la kifalme. Mwaka 1905 wakazi wa mjini wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa, ambacho ndicho chama kikongwe cha taarab mpaka leo. Walipiga udi, fidla, ganuni na nai, waliimba Kiarabu, na wanachama walikuwa wanaume.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtazamaji wa taarab ya namna hiyo. Kwanza lazima ualikwe. Pili lazima uwe na nguo ya kuingilia. Tatu unakaa kimya kwa adabu, unasikiliza maneno ya Kiarabu, na hata wengi wa waliokuwa ndani wakiyaelewa nusunusu. Mtu wa Ng'ambo aliiona taarab akiwa nje ya dirisha, au akiwa amebeba sinia la kahawa.

Na hapa kuna kitu kilichonishangaza. Neno lenyewe taarab limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kuguswa, kupandwa na furaha kwa ajili ya muziki. Yaani jina halitokani na chombo wala mwimbaji. Linatokana na kile kinachompata msikilizaji. Muziki uliopewa jina kwa ajili ya msikilizaji, lakini wasikilizaji wengi wa mji huo walikuwa wamefungiwa nje.

KUFUNDISHWA

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa. Huyu alisikia ile sauti ya kunadi vyungu akaona si ya kuachwa. Akamfundisha kuimba kwa mpangilio wa taarab na kufuatana na vyombo. Akamjulisha kwa wanamuziki wengine, na hao ndio waliokuja kuwa kundi lake: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Effandi Talsam aliyetoka Mombasa na ambaye alikuwa kipofu, na Maalim Shaaban. Majina haya yakumbukeni pia, maana mara nyingi tunamtaja mwimbaji tunawasahau wapigaji.

Ndipo alipopata jina la Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Mtumwa akawa Siti. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni jina tu kama Asha au Zainabu. Kumbe mtu alivuliwa jina la dharau akavikwa la heshima, na kilichomvika ni koo lake.

Alianza kualikwa kwenye majumba makubwa. Akaimba kwenye harusi za matajiri, akaimba mbele ya Sultani na wageni wake. Husimuliwa kwamba alikuwa akiimba ameketi, amejitanda vizuri, uso umefunikwa. Watu wengine walisema ni adabu ya mwanamke mbele ya wanaume, wengine wakasema anaficha sura maana hakujaliwa uzuri. Yeye hakushughulika nao. Aliyekwenda kumwona alirudi amemsikia.

UKUMBI WA NG'AMBO

Wadau, hapa ndipo penye utamu wenyewe. Siti angeweza kubaki huko kwenye majumba. Wengi wakipata hawarudi nyuma. Yeye alikaa Ng'ambo, na nyumba yake ikawa ndiyo ukumbi. Jioni kundi lilikutana pale kupiga na kutunga, na watu wakaja.

Hapakuwa na kiingilio wala kadi ya mwaliko. Unamaliza kazi ya kupakua mizigo bandarini, unaoga, unakula ulichojaliwa, unakwenda kwa Siti. Waliowahi waliingia ndani, waliofuata wakakaa barazani, na waliochelewa wakasimama uchochoroni. Kuta za nyumba za Ng'ambo hazizuii sauti, kwa hiyo hata aliyekuwa amelala nyumba ya tatu alikuwa mtazamaji tayari.

Lakini kitu kikubwa zaidi ni lugha. Siti aliimba kwa Kiswahili. Kiarabu alikiimba pia pale palipohitajika, ila Kiswahili ndicho kilichojaza uchochoro. Mara ya kwanza mchukuzi anasikia udi na fidla vinacheza, vyombo vilevile vya jumba la kifalme, na maneno anayaelewa neno kwa neno. Tena maneno yenyewe yanamhusu yeye.

Maana nyimbo zilitoka kwa watu walewale waliokaa pale. Mtu anakuja na habari ya mtaani: fulani kaonewa, fulani kadhulumiwa, mkubwa fulani kaiba kaishia jela. Wanazungumza, wanacheka, wanakasirika, na kundi linaigeuza wimbo. Siku chache baadaye wanaurudia mbele ya watu walewale waliouleta. Ndiyo maana nasema Siti hakuwa na watazamaji wa kukaa tu. Walikuwa kama watungaji wenzake.

Na kuna ile kawaida ya kutuza ambayo mpaka leo iko kwenye taarab. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda taratibu mbele, unatoa hela. Watu wote wanakuangalia. Wanajua ubeti huo umekuhusu au unamhusu jirani yako mliyegombana naye. Hujasema neno lolote lakini umesema yote. Fumbo ni la mwimbaji, ila shabaha ni ya mtazamaji. Nani alisema mtazamaji hana kazi?

KESI YA KIJITI

Niwape mfano mmoja, maana wimbo huu unajulikana na kisa chake kinajulikana. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake wakamchukua kwenda ngomani, kukawa na ulevi, na mwanamume aliyeitwa Kijiti akamfanyia ukatili na kumuua. Kijiti akatoroka akavuka kwenda bara. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa wakawa ni wale wanawake waliokuwa mashahidi, kwa habari ya pombe. Muuaji yuko nje anapunga upepo, mashahidi wako ndani.

Hebu fikiria mwanamke wa Ng'ambo wakati huo anasikia hukumu ya namna hiyo. Atakwenda wapi? Gazeti hasomi, na hata angesoma halikuandikwa kwa ajili yake. Hakimu haongei lugha yake. Kuandamana hathubutu. Basi wimbo wa Siti ukawa ndiyo mahakama ya rufaa. Ulitaja jina, ulisimulia tukio, na kila aliyeusikia akawa shahidi. Hukumu ya serikali haikubadilika, lakini Kijiti hakupata pa kujificha. Ni miaka karibu mia moja na bado mimi na wewe tunajua jina lake na tunajua alichofanya.

Wakati huohuo Ng'ambo kulikuwa kunafukuta. Mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi, mgomo mkubwa tu. Sitaki kudai kwamba Siti ndiye aliyeuongoza, la. Ninachosema ni kwamba watu waliogoma mchana ndio walewale waliokuwa wanakwenda kumsikiliza Siti usiku. Watu wakizoea kukaa pamoja na kusikia mambo yao yanasemwa kwa sauti, ni vigumu tena kuwaambia wanyamaze.

KEJELI NA JIBU

Sasa turudi kwenye ule ukumbi wa Dar na kicheko changu. Siti naye alikejeliwa. Tena si na mtu mmoja aliyelewa nyuma ya ukumbi. Wapinzani wake walitunga wimbo kamili wa kumsimanga. Walimkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba zamani alikuwa akipita na vyungu na kaniki, kwamba huyu leo amekuwa mtu lini. Wakamsema na sura pia. Wimbo ukazagaa mjini.

Angeweza kulia. Angeweza kuacha. Yeye alijibu kwa njia aliyoijua. Akatoa wimbo uliosema, kwa maneno ya staha, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si kitu kama mtu hana akili na hana elimu ndani yake. Hakumtaja mtu, hakutukana ukoo wa mtu. Na waliomaliza ugomvi ni watazamaji. Waliuchukua wimbo wake wakauimba, wa wapinzani wakauacha ukafa. Siku hizi ule wa wapinzani tunaukumbuka kwa sababu tu ya jibu lake.

Hapo ndipo niliposimama kusoma nikafunga kitabu kidogo. Maana nilijiona. Siti alipokejeliwa, watu wa Ng'ambo, watoto wa watumwa, walikataa kucheka. Walijua kwamba wakimcheka kwa kutoka shamba wanajicheka wenyewe. Mimi nilipoambiwa nicheke korosho nilicheka.

BOMBAY, 1928

Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Kampuni ilikuwa imezoea kuuza huku santuri za Kiarabu na za Kihindi, na haikuwa na uhakika kama kuna mtu atanunua za Kiswahili. Wakapata jibu haraka. Zilinunuliwa mpaka wakarudi kurekodi tena, na kwa jumla kundi lile liliacha nyimbo zaidi ya mia moja kwenye santuri.

Lakini kumbukeni, gramafoni ilikuwa mali ya wenye nacho. Mchukuzi angeitoa wapi? Hapo ikaingia migahawa. Mwenye mgahawa ananunua gramafoni na santuri za Siti, anaziweka, watu wanajaa. Unanunua kikombe cha kahawa, unakaa nacho saa nzima hukimalizi, unasikiliza. Hebu niambieni, hii si sawasawa na kibanda cha video cha kwetu? Si sawasawa na kafe ya intaneti, mmoja analipia, watatu wamesimama nyuma yake wanachungulia? Watu wa hali ya chini siku zote wametazama kwa kuchangia.

Kupitia migahawa sauti ya Siti ilivuka maji. Ikafika Tanganyika, ikafika Mombasa na Lamu, ikapanda bara. Husimuliwa kwamba kuna watu waliopanda jahazi kwenda Unguja ili tu wahakikishe kama hiyo sauti ni ya mtu kweli. Wengine walipoambiwa kwamba mwenye sauti ni yule mama mfupi wa maneno, aliyejitanda kimyakimya, hawakuamini mpaka alipofungua kinywa.

MWISHO WA SAFARI

Siti aliendelea kuimba miaka mingi. Baada yake wanawake wa Ng'ambo walianza kuunda vikundi vyao vya taarab, kitu ambacho kabla yake kisingewezekana. Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa kutoka Tanga, akamsimulia maisha yake. Kitabu kilichapishwa baada ya Siti kufariki, na ndicho hicho vizazi na vizazi vimekisoma shuleni. Bahati kubwa hiyo. Ni wangapi wa hali yake walikufa bila mtu kuwauliza hata jina?

Alifariki Julai 1950, akiwa na umri wa kama miaka 70. Hakuyaona Mapinduzi ya 1964 wala Muungano. Lakini alikuwa ameshauvuka ule mkono wa bahari kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, na kuwavusha wengi.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa kikongwe kabisa, aliimba nyimbo za Siti kwenye majukwaa ya dunia nzima, pamoja na ule wa Muhogo wa Jang'ombe. Akina mama waandishi wa habari wa TAMWA walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Zanzibar, miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, kwenye ule upande wa mawe. Watu wa Ng'ambo, wa bara na wa Ulaya wanasimama pamoja wakitazama jukwaa moja. Kwa mtu aliyezaliwa anaitwa Mtumwa, hiyo si haba.

KWETU SASA

Wadau, hoja yangu ni moja. Tunapozungumzia wasanii huwa tunauliza ana kipaji au hana, ana hela au hana, ana mtu wa kumsukuma au hana. Sisi wenyewe hatujiulizi. Siti alikuwa na sauti, sawa. Alikuwa na Ali Muhsin, sawa. Lakini sauti hiyohiyo ingezimwa kwa wiki moja tu kama watu wa uchochoroni wangeamua kucheka vyungu vyake. Waliamua kutuza badala ya kuzomea. Waliamua kwamba huyu ni wa kwetu.

Hapa Mbekenyera kuna binti mmoja, jina simtaji, anaimba kuliko msanii yeyote niliyelipia kiingilio. Anaimba akichota maji, anaimba akipalilia ufuta. Wazazi hawataki aimbe mbele za watu, wanaogopa ataitwa mhuni. Zamani nilikuwa naona wazazi ni washamba. Sasa nawaelewa. Wao hawaogopi muziki, wanatuogopa sisi, watu wa mabenchi ya nyuma.

Mwezi uliopita ngoma ilipochezwa uwanjani aliimba nyimbo mbili katikati ya akina mama. Kijana mmoja akaanza maneno yake. Nikainuka, miguu inatetemeka kwa sababu si kawaida yangu, nikapita katikati ya watu wote na shilingi elfu moja mkononi, nikamtuza. Sikusema kitu. Bibi mmoja akanifuata na mia tano yake, halafu mwingine. Yule kijana akanyamaza mwenyewe.

Yule dada wa Dar simjui jina na sidhani kama nitamwona tena. Kama kwa bahati unasoma hapa, dada, samahani sana. Nilikuwa mstari wa tatu kutoka nyuma.

Nawasilisha. Kama una babu au bibi aliyewahi kusikia santuri za Siti mgahawani, iwe Lindi, Kilwa, Mikindani au popote, muulize alikaa na nani na alijisikiaje, halafu tuandikie hapo chini. Matusi hapana, tafadhali. Tuko pamoja.